Musalaba mwekundu kwa nyumba yangu

Asubuhi hii wamepiga nyumba yangu musalaba mwekundu!

(Mujukuu, andika vile nasema.)

Nikauliza bwana wa urbanisme, wale wa mipango ya muji, hii ni nini?

"Mama, hapa iko zone tampon. Kandokando ya ziwa hakuna ruhusa ya kujenga. Mutabomolewa."

Weee! Mwaka wa sabini na mbili tulikimbilia Tanzania juu ya mauaji, tukaacha hii nyumba. Kurudi, mutu mwingine, Salvatori, iko ndani! Serikali ikatugawanyia parsele, kiwanja nusu kwa nusu, kila mutu na nyumba yake, tukapanda ua wa minyare katikati. Toka hapo, hata salamu ya amahoro hatupeane.

Sasa nasikia minyare inakatwa. Salvatori na panga!

Nikashituka.

Akatupa panga chini.

"Mama Zaina, na yangu wameipiga musalaba. Tutaenda wapi?"

Nikamupa kiti.

Nyinyi mungemujibu nini?