Zile za Kukaza

Taarifa ilinifikia nikiwa kwa kinyozi hapa Karatu mjini, kichwa kimenyolewa nusu. Dereva mmoja wa watalii aliingia, akasema mwenzao amekufa: gari limeacha barabara kwenye kona, akiwa peke yake anateremka kutoka ukingoni mwa kreta, lile bonde la wanyama, kurudi geti la hifadhi, baada ya kuwashusha wageni wake hotelini. Mchana kweupe, barabara kavu. Kinyozi akauliza kama breki zilikatika. "Breki zipo," yule dereva akajibu, "ila hakuzigusa." Basi kila mtu pale akapata lake la kusema. Mmoja akasema ile kona ina shetani, mwingine akasema ni nyati alikatiza, wa tatu akataja wivu wa ndugu, maana marehemu alikuwa ameanza kuezeka nyumba kwao Endamarariek. Mimi nilinyamaza, na mnaonisoma kila wiki mnajua kunyamaza si kipaji changu. Nilikuwa nikimfahamu marehemu, na nilikuwa nikikumbuka anavyoshuka garini.

Alikuwa akishuka kwa awamu. Mguu mmoja kwanza, kisha anashika mlango, anatulia, anakunja uso, ndipo anateremsha wa pili. Hatukuwa marafiki wa kutembeleana. Tulifahamiana pale wanapooshea magari, ambapo huwa naenda kusikiliza habari za mji. Lakini mdomo huo! Wageni wake wakianza kulalamikia barabara ya vumbi baada ya geti, aliwaambia watulie, hiyo ni masaji na imo kwenye bei. Walicheka wakasahau viuno vyao, na cha kwake hakuna aliyekiulizia. Miaka yote ile na yeye alikuwa akipigwa masaji hiyohiyo, kwenda Serengeti na kurudi, mpaka mgongo ukakakamaa, hata kamba za viatu akawa anafungiwa na mkewe. Siku moja nikamwuliza kwa nini asiende hospitali, apumzike kidogo. Akanitazama kwa huruma. "Mwandishi, wewe ukiumwa kiuno unaandika umelala. Mimi hai sizoni hii, wageni wamejaa, nikitaja mgongo, kazi anapewa mwingine, na mwakani hawanipigii tena." Hakuwa ameajiriwa. Alikuwa frilansa, mtu wa kuitwa kwa simu msimu ukichanganya, na bosi anayepiga hiyo simu hataki kusikia habari za mgongo. Kisha akajipapasa mfuko wa shati, akacheka: "Halafu mimi ninazo zangu za kukaza."

Za kukaza! Mazishini nilimsikia mkewe akizitaja kwa neno hilohilo, akimweleza shangazi wa marehemu. Alisema mumewe alikuwa akimeza asubuhi kabla ya kwenda kuchukua wageni, na wiki zile za mwisho alilalamika kwamba mwili unamlegea na macho yanakuwa mazito. "Akawa anasema, mama, hii dawa leo haijakaza. Basi anaongeza nyingine." Shangazi akatikisa kichwa kwa masikitiko, akasema dawa siku hizi ni feki. Mama wa watu akaitikia, labda ni feki kweli. Mimi pale nilipokaa nikajiuliza, dawa feki inawezaje kumletea mtu usingizi?

Kesho yake nikaenda kwenye duka la dawa ambalo madereva wengi hununua. Nikasema naumwa mgongo, nataka zile za kukaza. Dada muuzaji hakuniuliza cheti cha daktari wala umri wangu wala kama natumia dawa nyingine. Alichukua mkasi, akakata vidonge kutoka kwenye pakiti yake, akavitia kwenye kibahasha cha kaki, akaandika kutwa mara tatu. Nikamwambia, dada, hebu nionyeshe boksi lake. Akasita, akalitoa. Nikasoma, nikamwuliza kwa Kiswahili chepesi: hii dawa inakaza nini? Akaangalia mlangoni kama kuna mteja mwingine, halafu akasema, "Mzee wangu, haikazi. Ni ya kulegeza misuli." Sasa kwa nini mnaiita ya kukaza? Sikilizeni jibu lake, maana mimi bado linanikera mpaka leo: "Nikiwaambia inalegeza hawanunui. Mwanaume gani wa hapa atanunua kitu cha kumlegeza? Wenyewe ndio walianza kuziita hivyo, na mimi nikaitikia."

Na asidhani mtu kwamba dada yule hakujua. Nilipomtajia marehemu na kumbana, alinimwagia yote bila kukwama, maana alisomeshwa. Kwamba dawa hiyo hutolewa kwa cheti, kwa siku chache, ili msuli uliokakamaa uachie wakati mgonjwa anapumzika na kufanya mazoezi aliyoelekezwa. Kwamba inaleta usingizi na kizunguzungu, hivyo anayeitumia hashiki usukani. Kwamba haichanganywi na pombe hata kidogo, wala na vidonge vya mafua vinavyosinziza, na marehemu alikuwa akimeza hivyo pia kwa ajili ya vumbi, na hapohapo dukani ndipo alipovinunua. Kwamba ukisahau dozi huifidii kwa kumeza mbili pamoja, na kama umeitumia kwa muda mrefu huiachi ghafla bila kumwuliza daktari. Yote alikuwa nayo kichwani. Nikamwuliza, na yule uliyemwuzia, ulimwambia lipi kati ya hayo? Akainama akaanza kupangapanga maboksi ambayo tayari yalikuwa yamepangwa.

Jamani, hebu mfikirieni yule mtu. Amemeza kidonge cha kumlegeza akiamini kinamkaza. Kidonge kikafanya kazi yake sawasawa, mwili ukalegea, na yeye akaona dawa ni dhaifu, akaongeza. Kadiri ilivyomlegeza ndivyo alivyoongeza. Neno moja tu limegeuzwa, na mtu mzima mwenye akili zake, aliyejua kila kona ya barabara ile, akaiteremka amefumba macho. Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema, lakini huyu hakuficha kwa kupenda. Sisi ndio tuliomfundisha kwamba mwanaume hakiri kulegea. Mtoto akianguka tunamwambia jikaze. Kijana akifiwa, jikaze. Hata siku ile ya mazishi bosi wake, aliyekuja na miwani ya jua na rambirambi, alimshika bega mjane akamwambia, "Mama, jikaze." Nilitamani nimwulize ajikaze na nini, lakini padri alikuwa ameanza sala.

Baada ya matanga nilikwenda kumweleza yule mama nilichokikuta dukani. Sikuwa na hakika kama nafanya wema au ukatili. Alinisikiliza bila machozi, akaingia ndani akatoka na vibahasha vya kaki, akaviweka mezani, akasema atavirudisha hospitalini vikateketezwe huko. Hatujamaliza mazungumzo, akabisha hodi dereva yuleyule aliyeleta taarifa kwa kinyozi. Amekuja kutoa pole tena, akakaribishwa chai. Alipomaliza kikombe akajikuna shingo. "Shemeji, samahani lakini. Zile za mgongo za marehemu, kama zipo, usizitupe. Kiuno changu hiki, we acha tu."

Mama akasogeza vibahasha karibu na kifua chake. "Zinaitwaje?"

"Za kukaza, shemeji."

"Zinalegeza. Ndizo zilizomlaza mwenzako kwenye usukani. Haya, sema na wewe. Zinalegeza."

Yule bwana alinitazama mimi, akatazama mlango. Mwanaume mzima, mabega mapana, neno likamshinda. "Shemeji," akasema huku anainuka, "nina wageni saa nane." Akaondoka, na tulimwona akipanda garini kwa kujivuta, mkono mmoja umeshika kiuno.

Nimekasirika, sifichi. Ndugu yangu dereva, na wewe mbeba mizigo, na wewe unayelima umeinama kutwa nzima: mgongo ukikakamaa nenda kwa daktari, mweleze kazi unayofanya na dawa nyingine unazotumia. Ukipewa kidonge, uliza kinaufanyia nini mwili, na usiondoke dirishani mpaka ujibiwe kwa jina lake halisi. Ukishakimeza, usishike gari. Na kama unaogopa kwamba ukipumzika kazi itachukuliwa na mwingine, nakwambia kweli, itachukuliwa. Ya marehemu ilichukuliwa vilevile: nilimsikia bosi wake kwa masikio yangu, akiwa kando ya kaburi, simu sikioni, akimwelekeza dereva mpya hoteli ya kwenda kuwachukua wageni.