Tumbo la Chaza Wakati wa Mvua

Wifi yake ndiye aliyembandika jina la Ngoja, na jina likamganda. Maji yakianza kupwa, wanawake wote hukimbilia miambani na patasi zao kung'oa chaza. Yeye hukaa juu ya ndoo aliyoifudikiza, jua likimchoma kisogo.

"Malkia kaja kuota jua," wifi husema, kwa sauti ya kusikika.

 Ngoja alijifunza kusubiri siku za mwanzo za ndoa yake, mumewe alipokuwa akila chaza wake na kutema mchanga sahanini. Chaza hula akiwa ndani ya maji. Maji yakimwacha, hufunga kinywa, akasaga alichokula. Ukimng'oa mapema unamuuza pamoja na uchafu wake. Ukimsubiri, tumbo linatulia. Ndiyo maana mpishi wa hoteli alinunua kwake tu. Na ndiyo maana wifi, aliyechangia naye jiko na ukuta, alimchukia hadi kivuli.

Mvua zikaja, mto ukamwaga matope ufukweni. Ngoja akangoja vilevile, tena zaidi. Alipowapeleka hotelini, mpishi akapasua chaza wa kwanza: tumbo jeusi, limejaa, linanuka. Wa pili, hivyohivyo.

"Mama, hiki nini? Nimlishe mgeni tope?"

Akaisukuma ndoo kwa mguu, akamwita wifi aliyesimama nyuma na ndoo yake. Chaza wa wifi walikuwa weupe, safi.

"Maji ya mto yakimfikia, anajifunga siku mbili, tatu," wifi alimwambia njiani, akichekelea. "Hali, hasagi, kila kitu kinamwozea tumboni. Wewe umekaa kumngoja aliyefunga choo! Mimi nilikwenda miamba ya nje, kwenye chumvi, maji ya mto yasikofika. Mpishi sasa wangu. Ukitaka kazi, njoo unibebee ndoo."

"Nitabeba jeneza lako kwanza."

Jioni ile hakuna aliyempisha mwenzake jikoni.

Kesho yake wifi akiwa njiani kwenda miamba ya nje, maji magotini, aligeuka akamwona Ngoja nyuma yake, patasi mkononi.

"Leo hungoji?"

"Bahari ya baba yako?"

"Mpishi humpati!"

"Atachagua mwenyewe."

Wakafika kwenye mwamba uleule, wakapeana migongo, wakaanza kugonga. Waligonga kwa hasira, kila mmoja akichungulia ndoo ya mwenzake. Maji yalipoanza kurudi na kuwafungia njia, wote wawili waliyaona. Hakuna aliyemwambia mwenzake; kila mmoja alingoja mwenzake aondoke kwanza.