Diski Iliyojifunga Msibani

Mimi ni fundi kompyuta wa mtaa wa Kihonda, na mdomo wangu ni mkali. Mama alizoea kusema nitaolewa na kiziwi. Naungama mapema ili nisije kuonekana nasingizia watu.

Jirani yangu alikuwa mwalimu mstaafu, mgane. Mkewe alifariki siku aliyojifungua binti yao wa pekee. Wiki chache kabla ya hapo alirekodiwa kwa kamera ya kuazima, tumbo hili hapa, akizungumza na mtoto aliye tumboni. Binti hakuwahi kuiona video hiyo wala kusikia sauti ya mama yake. Mzee alimwahidi atampa akimaliza chuo, na mwaka huo ndio alikuwa anamaliza.

Video aliitunza kwenye diski ya nje niliyomuuzia mimi. Diski ile hujifunga yenyewe: ikikatiwa umeme hata kidogo, ufunguo unatoka kwenye kumbukumbu yake na inadai nywila upya. Ukikosea mara kumi, inafuta vyote. Nilimsisitiza mzee, "Nywila usimwambie mtu, hata mwanao." Akanitii, maskini. Akafa nayo.

Nilipofika msibani, makochi yalishatolewa nje na mikeka imetandikwa. Binti alinishika mkono akanipeleka chumbani.

"Dada, baba alizidiwa akiwa anatumia kompyuta yake mpakato. Bado inawaka. Video ya mama imo?"

Taa ya diski ilikuwa kijani, maana yake bado iko wazi. Jamani, nilifurahi hadi nikaona aibu, kwenye msiba wa watu! Nikachomeka diski yangu ili ninakili. Sasa mtu mwenye akili angeanza na ile video. Mimi nikajifanya mjuaji, nikachagua vyote kwa mpigo: picha, barua, mitihani ya miaka nenda rudi. Kompyuta ikaniambia nisubiri saa moja na nusu.

Mara kina mama wakaniita uani. "Wewe, umekuja kuzika au kuchezea kompyuta? Mchele huu nani auchambue?" Msibani mwanamke hakai chumbani wenzake wakihangaika na moshi. Nikatoka nimefura. Pale mlangoni nikafoka, "Mtu asiguse kitu humu!" Kwa nini, sikusema. Nilijiambia hakuna atakayeelewa. Kiburi tu.

Niliporudi, mfuniko wa kompyuta ulikuwa umefungwa na taa ya diski ni nyekundu. Pembeni alikaa mama mdogo wa binti, mdogo wake yule marehemu mama, aliyekuwa ameteremka kutoka milimani muda si mrefu. Viatu vyake bado vilikuwa na udongo mwekundu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekifunika hicho kitu. Kioo kinawaka na msiba uko ndani, si heshima. Sikubonyeza popote, nimefunika tu."

Kompyuta ile ukiifunika inalala, na ikilala inaikatia diski umeme. Nikaifunua, nikafungua diski yangu. Mitihani ya kidato cha pili ilikuwemo yote. Video haikuwemo.

Maneno yalinifika kooni, wallahi, tena mabaya. Lakini yule mama alikuwa ananitazama kwa upole, akidhani amenisaidia. Nikayameza. Nikamgeukia binti.

"Imejifunga, mdogo wangu, na siwezi kuifungua. Nimekosea mimi. Ningeanza na ile moja, na ningewaambia watu kwa nini wasiguse."

Binti akakaa sakafuni, mgongo ukutani. Hakulia. Akauliza, "Mama mdogo, sauti yake ilikuwaje?"

Mama mdogo akafikiri. "Bibi yako alikuwa hatutofautishi kwa sauti. Mmoja wetu akibisha hodi, lazima aulize ni nani kati yetu. Hata baba yako, wakati wa uchumba, alishaniitikia mimi mara mbili akidhani ni yeye." Akacheka kidogo, kisha akajifuta macho kwa pindo la khanga.

Binti akafumba macho.

"Nenda nje," akasema. "Ubishe."

Mama mdogo akatoka, akavuta mlango nyuma yake. Hodi ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita. Ya tatu, binti akaitika, "Karibu, mama."