Kulitazama Duka la Mzee Jayanti, Croydon

Kigoma. Nilikwenda London kwa sababu rafiki yangu Mapendo aliniomba nikamtazamie duka. Kila aliyeniuliza nilimjibu hivyo hivyo, na sikumbuki mtu aliyeniamini. "Mtu hapandi ndege kwenda Ulaya kutazama rafu za sabuni," alisema mume wangu, lakini ni yeye aliyenibebea sanduku mpaka steshini.

Mapendo ni Mkongo wa Uvira. Tulikuwa wasichana wakati yeye na mama yake walipovuka ziwa kukimbia vita, wakapanga chumba nyumbani kwetu, mtaa wa Mwanga. Chumba chao kilikuwa kidogo, kwa hiyo mimi na yeye tukawa tunalala kitanda kimoja na kwenda shule moja. Baadaye maisha yakamsukuma mbali zaidi, akafika Uingereza, akaomba hifadhi na kubaki huko. Kazi yake ni kuwatunza wazee wasiojiweza: anawaogesha, anawalisha, anawageuza kitandani. Mimi nilibaki Kigoma na duka langu la vyakula.

Sasa kulikuwa na mzee wa Kihindi, mzaliwa wa Mwanza, aliyetaka kupumzika na kuliachia duka lake huko Croydon. Mapendo alitaka kulichukua. "Wewe njo unajua duka," aliniambia kwenye simu. Miaka yote hiyo na Kiswahili chake bado ni cha Uvira, anasema njo pale sisi tunaposema ndiye au ndivyo. "Hapa kila mtu ananipa moyo. Moyo niko nao. Nataka macho."

Nilikuwa na swali langu pia. Kwetu watu husema Mhindi amezaliwa na duka mkononi na Mkongo amezaliwa na ufagio. Wanasema hata huko Ulaya ni hivyo hivyo, kwamba ukiwatupa wote wawili nchi ya kigeni, mmoja atafungua biashara na mwingine atampigia deki. Mimi nimekua na Mapendo. Nilitaka kuona mwenyewe.

Uwanja wa ndege, London. Nilipokewa na Naomi, binti wa pekee wa Mapendo. Amezaliwa London na anasoma uhandisi chuoni. Kila nilichomwambia kwa Kiswahili alikielewa, na kila alichonijibu kilikuwa Kiingereza, akikitamka polepole kwa ajili yangu. Tulikwenda kwa treni ya chini ya ardhi. Nilikuwa nimevaa sweta mbili na bado meno yaligongana, ingawa Naomi alisema baridi imekwisha.

Tottenham. Mapendo anakaa ghorofa ya juu katika nyumba za kaunsili, yaani za halmashauri. Tulipokumbatiana nilihisi mabega yake yamekuwa magumu kama ya mchukuzi. Alikuwa amepika ugali wa muhogo na sombe, kisamvu cha kwao. Asubuhi yake alinizungusha mtaani: makanisa ya Kiafrika ndani ya majengo yaliyokuwa maghala, maduka ya ndizi, samaki wakavu, mawese, vitenge. Alisimama mbele ya duka moja na kunionyesha magunia ya unga wa muhogo.

"Hivi njo nitauza kule Croydon," alisema. "Kule hakuna."

Mwenye duka hasemi kitu kabla hajaona wateja.

Croydon, Jumatatu. Ni safari ndefu: chini ya ardhi mpaka Victoria, kisha treni ya juu kuelekea kusini. Ukitoka steshini unakutana na majengo marefu ya ofisi na tramu, treni ndogo za mjini, zinazopita katikati ya barabara bila kelele, usipoangalia zitakugonga. Jengo kubwa la uhamiaji liko huko. Duka la Mzee Jayanti liko mtaa wa pembeni, mahali ambapo watu wanaotoka kwenye jengo hilo hupita wakirudi steshini.

Niliingia nikamwamkia, "Shikamoo, mzee."

Alikuwa anapanga magazeti. Aliacha, akanitazama kupitia juu ya miwani. "Marahaba, mwanangu," alisema, kisha akacheka. "Huyu rafiki yako ananiambia jambo tu. Wakongo hawana shikamoo. Shikamoo ya mwisho nilipewa na mke wangu, kwa utani."

Mke wake alikwishafariki. Kiswahili cha mzee ni kile cha Mwanza ya zamani, kilichonyooka, na alikuwa na hamu ya kukitumia. Nilikaa naye dukani siku ile na siku zilizofuata. Mapendo alikuwa akija akimaliza shifti, akiwa bado na sare yake ya kazi chini ya koti.

Walivyofahamiana ni hivi. Miaka ya mwanzo, Mapendo alikuwa akiitwa mara kwa mara kwenye jengo lile kuhusu maombi yake ya hifadhi. Siku moja alitoka amechoka, akasimama mlangoni kwa mzee akijisemesha kwa Kiswahili. Mzee akamjibu kutoka ndani, "Ingia, mama, mlangoni kuna upepo." Tangu siku hiyo kila akija Croydon alikuwa akipita kumsalimia.

Jumatano. Nilikwisha kuona niliyoyaona, na nilijua hayatampendeza. Duka limekaa mahali pazuri kuliko langu la Kigoma. Watu wanapita tangu asubuhi. Lakini mzee alikuwa anauza kadi za salamu, magazeti, peremende na soda, na watu wengi walikuwa wakichungulia kisha wakaendelea na safari. Niliwatazama nyuso. Walikuwa watu wa kila taifa, wengine na watoto mgongoni, wameamka alfajiri kuja kuitika jina lao, na sasa wana njaa na baridi. Waliuliza chai, hakuna. Waliuliza mahali pa kukaa, pa kuchaji simu, hakuna. Mama mmoja wa Kieritrea alinunua biskuti akaila amesimama nje kwenye manyunyu.

Ndani ya treni ya kurudi Mapendo aliniuliza, "Haya. Macho yameona nini?"

"Ukipeleka unga wa muhogo kule utaula mwenyewe," nilimwambia. "Mtu anayetoka uhamiaji habebi kilo za unga. Na Mkongo akitaka unga anaupata hapa Tottenham, hatapanda treni mbili. Pale panatakiwa chai ya moto, mandazi, supu na viti."

Alifunga koti lake juu ya sare ya kazi. "Saada," akasema, "tangu nifike nchi hii niko nawatumikia watu chakula na choo. Nilitaka siku moja nisimame nyuma ya kaunta, mtu aseme nipe hiki, nimpe, alipe, aende. Wewe unatoka Kigoma kunirudisha jikoni?"

Nyumbani alinitandikia kitanda kama kawaida na kunitakia usingizi mwema, lakini hakunitazama.

Stratford, siku iliyofuata. Naomi alinichukua kwenda kuona anapofanya kazi za mwisho wa wiki, kwenye jengo la maduka ambalo ukiingia unaweza kudhani ni uwanja wa ndege. Wauzaji walikuwa vijana wa kila rangi. Tulikunywa kahawa, nikamuuliza yeye anaonaje kuhusu duka la mama yake.

"Anaogopa," alisema. "Si ugomvi na wewe. Mama hajawahi kuwa na kitu ambacho kikiharibika ni chake mwenyewe."

Nilimuuliza kama vijana wa Kihindi chuoni kwao wanatofautiana naye. Alifikiri kidogo. Akasema rafiki yake mkubwa ni msichana wa Kihindi ambaye wazazi wake walitoka Nairobi. Darasani wako sawa, na mara nyingine Naomi ndiye anayemfundisha. "Lakini akitafuta mafunzo ya kazi, anampigia simu shangazi. Mimi natafuta kwenye mtandao." Alilisema hilo bila uchungu, kama mtu anayetaja hali ya hewa.

Jumapili, nyumbani kwa Hema. Hema ni binti wa Mzee Jayanti, mhasibu, na baba yake anaishi naye. Nyumba yake iko nje kidogo ya Croydon, na bustani yake ndogo ilikuwa imeanza kutoa maua. Alitukaribisha kwa chai ya viungo na bhajia. Baba yake alikuwa akinitafsiria, maana Hema hajui Kiswahili zaidi ya maneno ya jikoni.

Hapo ndipo nilipojua shida yenyewe. Mwenye jengo hakuwa tayari kumwandikia Mapendo mkataba wa pango bila mdhamini mwenye nyumba au mali. Mzee aliiuza nyumba yake alipohamia kwa binti yake. Aliyekuwa na nyumba ni Hema.

"Nitasema wazi," Hema alisema akimtazama Mapendo. "Ninakuheshimu. Lakini nina watoto na nyumba hii bado ni ya benki. Siwezi kuiweka rehani kwa ajili ya duka."

Mapendo akasema anaelewa. Na alikuwa anaelewa kweli. Alirudisha kikombe chake mezani bila kubishana.

Mzee Jayanti hakuwa ametafsiri maneno ya mwisho, lakini hata mimi niliyaelewa. Alikaa akikuna goti, kisha akaanza kuzungumza, kwanza kwa Kiswahili halafu akarudia kwa Kiingereza ili binti yake asikie. "Mimi nilipofika hapa nilikuwa na pasipoti ya Uingereza, Kiingereza cha shule ya Mwanza, na kaka mwenye duka. Nilifika Ijumaa, Jumatatu nipo kazini. Watu wanasema Wahindi wana akili ya biashara. Mke wangu alikuwa mwalimu, hapa alishona nguo kiwandani mpaka macho yakaharibika. Na hili duka si la kwanza. La kwanza lilikufa. La pili likafa. Kila likifa kaka yangu alinilisha, binamu akanipa bidhaa, nikaanza tena. Sasa wananiita mfanyabiashara."

"Mimi sheria haikuniruhusu kufanya kazi mpaka wanijibu," Mapendo alisema taratibu. "Na jibu lilikawia miaka. Nilikuwa kijana, niko na nguvu, nazilaza tu."

Hema akasema jambo ambalo sikulitarajia. "Si wote waliofanikiwa kwetu. Mjomba wangu alikuja na pasipoti kama ya baba, na alistaafu akikata tiketi kwenye mabasi, hana kitu. Hatumtaji tukiwa na wageni." Alisimama akaenda dirishani. Alipogeuka alikuwa na uso wa kazini. "Baba, mkataba wako umebakiza mwaka, siyo?"

"Mwaka na kidogo."

"Basi usiuvunje. Mchukue Mapendo kama mshirika, mwenye jengo akikubali. Aendeshe yeye, pango liendelee kwa jina lako. Vitabu nitaviweka mimi. Mwaka ukiisha, atakwenda kwa mwenye jengo akiwa na rekodi yake mwenyewe, hatahitaji nyumba ya mtu."

Nilimtazama rafiki yangu. Nilidhani atalia, lakini aliuliza swali. "Na duka likinifia?"

"Litakuwa limetufia wawili," alisema mzee. "Mimi nimezoea."

Mapendo akacheka, akashindwa kujizuia, na Hema naye akacheka kabla hajatafsiriwa. Halafu Mapendo akanigeukia. "Yule mama uliyeniambia, aliyekula biskuti nje kwenye mvua. Mimi pia nilikula pale pale, kabla mzee hajaniita. Nitapika chai, Saada. Lakini kwa mtu aliyekaa kwenye kiti changu, ndani ya duka langu. Hiyo si kutumikia."

Croydon tena. Wakala wa mwenye jengo alifika wiki iliyofuata, kijana mwenye haraka. Alisikiliza maelezo ya Hema, akampigia mwajiri wake simu akiwa barabarani, akarudi na kusema hakuna pingamizi mradi pango lije kwa wakati. Ilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha maji. Siku zangu zilizobakia tulizitumia kutoa kadi za salamu, kupaka rangi, na kununua meza kuukuu. Mzee alitaka kuuacha ukuta rangi ya kijani. Mapendo akataka njano. Naomi akaamua njano. Niliwaonyesha unga wa mandazi ukandwe vipi ili yasiwe magumu kesho yake. Mapendo hakuacha kazi ya kutunza wazee. Alipunguza shifti tu, maana hataki kuruka kabla hajaona chini.

Kurudi. Ndani ya ndege nilijaribu kulijibu swali nililotoka nalo nyumbani. Nilikuwa nimekwenda nikidhani nitaona nani ana bidii zaidi, na bidii niliiona kila mahali. Nilichokiona kinatofautiana ni idadi ya mara ambazo mtu anaweza kuanguka na bado akakuta mkono wa kumnyanyua. Mzee Jayanti alianguka mara mbili na tunamwita mfanyabiashara. Mjomba wa Hema na wenzake wa namna yake hatuwaoni, kwa hiyo hatuwahesabu. Mapendo alipewa nafasi ya kwanza akiwa na nywele zimeanza mvi. Vijana kama Naomi na yule rafiki yake watakaribiana zaidi kuliko wazazi wao. Labda siku moja mtoto wa Naomi atakuwa na shangazi wa kumpigia simu.

Kigoma. Nimewaeleza majirani haya yote, na baadhi yao bado wanapenda ile hadithi ya ufagio. Siwalaumu, ni fupi kuliko yangu. Wiki iliyopita Mapendo alinipigia simu akiwa dukani. Nyuma yake nilisikia watu na vikombe.

"Saada, leo asubuhi niliunguza sufuria nzima ya chai. Watu wamejaa, mzee amekaa ananitazama."

"Ukafanya nini?"

"Nikapika ingine."