Risasi za Bei Nafuu na Kulungu wa Wazungu

Sisi tuliokulia Saint-Gilles, mtaa wa Brussels, wakati simu ya nyumbani ilikuwa imefungwa ukutani kwa waya wake, tulikuwa na vitu vichache vya kustaajabia, na tulivistaajabia hasa. Theluji ya kwanza tuliipokea kwa mayowe dirishani. Treni za Gare du Midi tulisimama kuzitazama hadi miguu ikafa ganzi. Leo mtoto umwonyeshe hata mwezi ukidondoka, atakuuliza kama kuna mtandao. Lakini nyumbani kwetu, ghorofa ya tatu, kulikuwa na ajabu moja ambayo watoto wengine wa mtaa hawakuwa nayo: meza ya jikoni iliyojaa risasi.

Msinielewe vibaya, baba yangu hakuwa jambazi. Alikuwa mwindaji. Alizaliwa Likasi, Kongo, na kabla ya kuja Ubelgiji aliwinda na baba yake nyati na pofu katika mapori ya Katanga. Hapa Brussels alikuwa akisukuma vitanda vya wagonjwa katika hospitali kubwa kule Jette. Alirudi jioni akiwa mnyonge, anaongea kidogo, anavua viatu kama mtu anayeomba radhi. Siku alipofungua kabati la chuma na kutoa bunduki yake kuukuu, mabega yake yalirudi mahali pake na sisi watoto tukajisogeza kimya kimya tukae karibu naye.

Bunduki ile aliipata kihalali. Alifanya mtihani wa uwindaji, na mimi ndiye niliyemuuliza maswali kwa Kifaransa huku nikila mkate wenye chokoleti. Akikosa jibu nilitikisa kichwa kama mwalimu wangu, naye akacheka. Aliniita "mama" kwa sababu nilipewa jina la mama yake, na mpaka leo, nikiwa na mvi zangu, bado ananiita hivyo.

Mambo yalianza na Père Raymond, padri mstaafu aliyekaa Katanga mpaka Kiswahili kikamkaa mwilini. Alikuwa akija kwetu kula bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu, na alikula kwa mkono vizuri kuliko hata sisi. Kaka yake, Monsieur Gérard, alikuwa na msitu katika milima ya Ardennes. Padri alimwombea baba ruhusa ya kuwinda dume mmoja wa cerf, mnyama ambaye sisi nyumbani tulimpa jina la kulungu wa Wazungu, ingawa ukimsimamisha kulungu wa kwetu ubavuni kwake utadhani ni mtoto wake. Monsieur Gérard alikubali kwa sharti moja: ukimjeruhi mnyama ukampoteza, hutashika tena bunduki katika msitu wake.

Baba alilitia sharti lile moyoni. Jioni moja alinieleza kwa sauti ya chini, kana kwamba mimi ndiye mkubwa.

"Nikikosea, mama, watanikatalia pori. Na mimi bila pori, nitabakia nani hapa Bulaya?"

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja na nilijua ni kweli.

Basi tukaanza kutafuta risasi. Dukani, masanduku ya bei kali yalipangwa juu, yenye picha za dume wa Kanada mwenye pembe kama mti uliopukutisha majani. Macho ya baba yalipita juu huko kwa adabu, kisha mkono wake ukashuka rafu ya chini. Lakini hakununua ovyo. Alikuwa na utaratibu wake: sanduku dogo la kila aina ya bei nafuu, halafu Jumapili baada ya misa anakwenda uwanja wa kulengea shabaha, anajaribu moja moja, anaiacha bunduki ichague yenyewe.

"Bunduki ni sawa na mutoto mudogo," alituambia. "Unamupatia chakula, unaona gani anakula na gani anatapika."

Karatasi za shabaha alizileta nyumbani na kuzitandaza mezani. Mama alikuwa anasonga bukari, moshi wa samaki wa kukaanga umetanda, na baba amejaza meza kwa matundu. "Papa Ilunga, toa makaratasi yako, bukari inapoa," mama alisema kila Jumapili, na kila Jumapili tulikula tukiwa tumeweka sahani magotini. Kaka yangu nami tulikuwa mahakimu. Aina moja ilitawanya matundu kama mtama uliomwagiwa kuku. Nyingine ilikuwa nzuri leo, wiki ijayo imebadilika.

Ndipo akaja tonton Dieudonné, rafiki wa baba tangu Likasi ambaye sisi watoto tulimwita mjomba, na kifurushi kilichofungwa kwa gazeti. Risasi za kawaida za kuwindia zilikuwa na ncha laini ya kijivu. Hizi zilivikwa shaba kotekote mpaka nchani, zinang'aa kama kidani. Na bei yake ilikuwa chini kuliko zote.

"Ile njo risasi ya wanaume," tonton alisema, akilikaza lile "njo", ndiyo yao ya Katanga, huku akiigongagonga mezani. "Haivunjikake. Kule kwetu tulipigaka nayo mbogo. Ile ya laini inapasukia kwenye ngozi, alors unamuchokoza tu."

Kwa watu wa kwao maneno hayo hayakuwa na ubishi. Walilelewa na wanyama wenye ngozi nene na mifupa kama mawe, na kwao risasi ngumu ilikuwa heshima ya mwindaji. Ya ncha laini ilikuwa ya kanga na sungura. Jumapili ile baba alirudi na karatasi ambayo sijaisahau: matundu yote yalikaa pamoja, nikaweka kidole gumba juu yake, yakafunikwa yote. Nilipigwa na butwaa. Baba alinitazama akitabasamu, mama akaacha mwiko akaja kuona. Hakuna aliyemuuliza padri, aliyejua mapori ya pande zote mbili, chochote, kwa maana hakuna aliyedhani kuna la kuuliza.

Tulikwenda Ardennes mwanzo wa vuli, familia nzima ndani ya gari la tonton. Jua lilipokuwa linashuka, baba na Monsieur Gérard waliingia msituni, na Père Raymond akanishika mkono tukasimama ukingoni. Halafu nikaisikia. Nimesikia simba katika bustani ya wanyama, nimesikia ndege zikiruka Zaventem, lakini sauti ile iliniingia kupitia miguuni. Ilianza chini kama mtu anayeugua, ikapanda, ikajaza bonde lote, na dume mwingine mbali akaijibu. Nywele zilinisimama. Niliogopa, na sikutaka iishe.

"Njo yeye," padri alininong'oneza kwa sauti ya kanisani. "Anaita bibi zake, wale majike."

Mlio wa bunduki ulikuja baada ya hapo, mmoja tu. Tulingoja. Baba alitoka mitini uso umembadilika. Alikuwa amempiga nyuma ya bega, mahali penyewe hasa, na dume hakuanguka wala hakuruka. Alitikisika kidogo kama aliyeumwa na nzi, akatembea akaingia msituni. Walipokwenda kutazama hawakuona hata tone la damu, ila nywele chache juu ya nyasi.

Monsieur Gérard aliomba aone risasi iliyobaki. Aliigeuza vidoleni, akamrudishia baba bila neno kali. Padri ndiye aliyemweleza, polepole. Risasi ngumu inasimama ndani ya nyati kwa sababu nyati ana unene wa kuisimamisha. Huyu ngozi yake nyepesi. Ilipita ndani yake kama sindano ya kushonea, ikatoka upande wa pili bila kufunguka, na mnyama atakwenda mbali na kufa taratibu. Baba alikaa kwenye kizingiti cha nyumba ya shamba ya Monsieur Gérard, tulikolala usiku ule, na hakugusa chakula. Tonton Dieudonné alizirudisha risasi zake ndani ya gazeti.

Asubuhi alikuja mama mmoja wa kijiji na mbwa mwekundu mwenye masikio marefu, mbwa aliyefundishwa kumfuata mnyama aliyejeruhiwa na si mwingine. Padri alinikubalia nifuate nyuma kabisa, mkono wangu ukiwa mkononi mwake. Mbwa yule alishusha pua mahali palipokuwa na zile nywele, akasimama muda mrefu, kisha akaanza kutembea. Hapakuwa na alama yoyote. Sisi sote, na macho yetu, na shule zetu, tulikuwa vipofu, naye anasoma njia iliyopita tangu jana. Alivuka kijito, akapita katikati ya nyayo mbichi za wanyama wengine bila kugeuza kichwa. Nilisahau kuhisi baridi. Mpaka leo, nikisali, mara nyingine namkumbuka mbwa yule.

Tulimkuta amelala chini ya misonobari, kichwa kimeinuka, pumzi inatoka kama moshi. Alikuwa hai. Pembe zake zilikuwa na umande. Alitutazama.

Baba aliishusha bunduki yake chini. Alimwendea Monsieur Gérard, akanyoosha mikono miwili iliyo wazi, vile kwetu mtu anavyopokea kitu kutoka kwa mkubwa. Nilidhani mzee atakataa, maana mnyama alikuwa amepotea usiku mzima na sharti lilikuwa sharti. Monsieur Gérard akavua bunduki yake mwenyewe begani, akaiweka juu ya mikono ile. Baba alimaliza kazi kwa risasi moja ya ncha laini.

Baadaye mzee alivunja kitawi cha msonobari akakiweka mdomoni mwa dume, chakula chake cha mwisho, ndiyo desturi yao. Baba alivua kofia, akapiga magoti, akapiga makofi polepole kwa viganja vilivyokunjwa, kama tunavyowasalimia watu wazima wetu. Mzungu yule naye akavua kofia. Kitawi cha pili kilikuwa cha mwindaji, akipachike kofiani. Baba alikipokea, akakipachika kwenye ukosi wa mbwa.

"L'année prochaine, Ilunga," Monsieur Gérard alisema, yaani mwaka ujao. "Lakini risasi tutachagua pamoja."

Hapo ndipo baba alipolia, mbele yetu sote, na hakujificha.

Aliwinda katika msitu ule mpaka magoti yalipokataa. Aliendelea kununua za bei nafuu, kwa maana zipo nzuri, ila zenye ncha laini, na kila alipofyatua alikwenda kutazama nyasi hata kama alijua amekosa. Siku hizi nakaa Evere, upande mwingine wa Brussels, na vuli ikifika nyama ya cerf inauzwa dukani imefungwa kwa plastiki karibu na jibini. Wanangu wanaila na mchuzi wa matunda, wanaipiga picha kwanza. Nadhani wanaamini ilizaliwa hivyo, na bei yake mgongoni.

Jumapili iliyopita baba alikuja kutusalimia. Kijana wangu wa mwisho alikuwa kwenye simu, anacheza mchezo wa kuwinda dume wa Kanada. Baba alivaa miwani akatazama muda mrefu. Risasi haziishi. Mnyama akianguka anatoweka, zinabaki alama za ushindi.

"Ule uliyemupiga vibaya," baba alimuuliza, "ulimufuata?"

"Kambo," alijibu kijana, maana ndivyo wanavyomwita babu yao, "hakuna wa kufuata. Unapiga mwingine."

"Bon. Bado hauyawinda, basi."

Kijana akacheka, akampa babu yake simu ajaribu. Baba aliishika kwa mikono miwili, akamlenga nyuma ya bega dume aliyesimama, akakaa hivyo, kidole hakigusi, mpaka mnyama akajiondokea mwenyewe akaingia mitini. Mwanangu alimwambia amepoteza. Nilimtazama mtoto wangu, mwenye risasi zisizoisha, nikamwonea huruma, kwa sababu hajawahi kuiona hata asubuhi moja kama ile ya mbwa mwekundu.