Fundi wa Tairi za Theluji

Fundi wa magari wa Húsavík, kaskazini mwa Aisilandi, hasemi "ndiyo" kama watu wengine. Huivuta ndani pamoja na pumzi, kama anayeonja supu ya moto, na gari lisipomridhisha haivuti kabisa. Hutafuna samaki mkavu kutwa nzima, na meno mapya ya difu, yale yanayopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu, huyapasha joto kifuani, ndani ya sweta la sufu, kabla ya kuyafunga. Sólrún, mfugaji wa kondoo, alimletea lori alilolivisha tairi za theluji zinazomfika kiunoni. Tangu azifunge, lori lilipanda mlima likikohoa, na kondoo wake walikuwa bado huko juu, theluji imeshaanza.

"Nibadilishie meno ya difu ya nyuma tu," alisema. "Ya mbele mazima."

"Nyuma iende mwendo wake na mbele wake? Hilo si lori tena, Sólrún, ni ndoa ya shangazi yangu!"

Fundi akabadilisha meno ya difu zote mbili, akaweka ya nguvu badala ya mbio, yanayoweza kuzungusha tairi kubwa. Kisha wakaupanda mlima uleule, trela ya kubebea kondoo ikiwa nyuma. Lori likanguruma taratibu, bila kulalamika. Sólrún alisahau barabara, akamkodolea macho mdomoni.

"Sema basi, wewe!"

Fundi akatafuna tu. Walipofika kileleni, katikati ya kondoo, akaivuta ile "ndiyo" kwa nguvu zote, samaki akampalia, akakohoa kuliko lori lilivyowahi kukohoa.