Mashine ya Maji na Meno ya Mjukuu

Haya nyinyi watu, wekeni vikombe chini kwanza mnitazame mdomo. Msiogope, haiumi. Hiyo rangi mnaona kwa meno yangu si tumbaku, si chai, na si uchafu kama vile dada mmoja wa benki alifikiria, akasongesha kiti nyuma. Hiyo ni maji ya kisima. Huku kwetu Kiamunyi ukichimba chini unapata maji ya chumvichumvi yenye floraidi, na floraidi ikikupata ukiwa mtoto, meno inaota kahawia kama ugali imeshika sufuria. Ndiyo kitambulisho yetu. Mimi nikishuka Nairobi askari haniulizi karatasi. Nacheka tu, anasema, "Pita, mzee wa Nakuru."

Na tumezoea. Picha ya harusi ikipigwa kanisani, upande wetu wote unafunga mdomo kama watu wako matanga. Mpiga picha anasema chekeni, sisi tunacheka na macho.

Sasa msichana wangu, yule anafanya kazi ya maua huko Naivasha, alituletea mtoto wake tukae naye kwa sababu ya shifti za usiku na mchana. Mtoto wa kike, miaka sita, na mdomo ya wazee kumi. Tulimpenda mpaka mbwa ikaona wivu. Lakini meno ya utoto ilikuwa imeanza kung'oka, na mama yake akasimama hapo kwa mlango akaninyoshea kidole, mimi nimemzaa.

"Baba, meno inakuja sasa ndiyo ya kuzikwa nayo. Ikitoka rangi ya yenu, nakuja kumchukua. Sifanyi mchezo."

"Kwani huko Naivasha maji inatoka mbinguni?"

"Hata huko ni mbaya. Ndiyo maana nanunua ya kuchujwa. Na hapa pia mtachuja."

Akatuletea mashine. Mitungi mirefu imepangwa kama askari gwaride, na fundi akatoka mjini kuifunga, mama mmoja mnene mpole. Akatuonyesha mtungi moja akasema humo ndani kuna kitu inaitwa membreni, imekunjwa kama mkeka, na matundu yake ni madogo hata shetani hawezi pita. Maji inasukumwa hapo kwa nguvu, ile safi inapenya, ile chumvi na floraidi inakataliwa, inatoka na paipu nyingine. Mimi nikatingisha kichwa kama profesa. Nilikuwa nasikia vile mtu husikia redio ya jirani.

Wiki mbili mke wangu akavumilia. Halafu akasema hiyo mashine inanguruma jikoni kwake kama nyuki na imekula mahali pa sufuria. Nikamwambia tulia, mwanaume yuko. Mimi nimejenga nyumba ya kuku bila futi ya kupimia, na imeanguka mara nne tu. Nikang'oa mashine, nikaifunga nje kando ya tanki.

"Si uite yule fundi?" mke wangu akasema.

"Fundi wa nini na mimi niko?"

Paipu za kutoa maji zilikuwa mbili, zote nyeupe, zote nyembamba. Nikawasha. Moja ikamwaga maji shwaa. Ingine ikadondosha kama pua ya mtu ana homa. Haya, nyinyi wenye akili, ya kunywa ni gani? Mimi nikafikiria vizuri. Mtu atengeneze mashine, aipandishe meli, uilishe stima, halafu ikupe kikombe moja ya maji na ndoo tatu ya takataka? Huku kwetu watu wameombea mvua wakiwa wamepiga magoti mpaka suruali zikatoboka. Hakuna mtu mjinga wa kumwaga ndoo tatu ndio apate kikombe. Kwa hivyo ile ya shwaa ndiyo ya kunywa, na ile ya kudondoka ndiyo uchafu. Na hata uchafu sikumwaga. Nikaielekeza kwa pipa ya ng'ombe.

Ilikuwa kazi safi sana. Hata sasa nikikumbuka najipongeza.

Tukaanza maisha mapya. Hiyo maji ilikuwa na uzito. Chai ilikuwa inakuja na chumvi yake, haukuwa na haja ya kuweka. Birika ikajenga ukuta mweupe ndani, ungeweza kupangisha mtu. Mke wangu akasema maji imeharibika kuliko ya kwanza. Nikamwambia hiyo ndiyo dawa inafanya kazi. Majirani wakakuja na mitungi, nikawajazia wote bure, nikiwaambia mpeleke watoto. Mimi huyo, mwokozi wa meno.

Mjukuu nilimsimamia mwenyewe, kikombe asubuhi, kikombe jioni.

"Guka, hii maji iko na ladha ya mawe."

"Kunywa. Meno pia ni mawe."

Na ng'ombe naye akaanza madharau. Ukimpeleka mtoni haonji. Anarudi nyumbani kwa pipa yake, anakunywa akifunga macho kama bibi harusi.

Baada ya miezi tatu msichana wangu akakuja kukagua, na akaja na yule mama fundi abadilishe filta. Mjukuu alikuwa ameanza kuota meno mbili za juu. Mama yake akamfungua mdomo kama anakagua mbuzi sokoni. Nilisimama hapo nikitoa jasho. Zilikuwa nyeupe! Nikaanza kujisifu.

"Umeona? Ni usimamizi."

Lakini fundi alikuwa ametoa kijiti chake cha kupima, ile inaonyesha chumvi kwa nambari. Akachovya kwa maji yetu ya kunywa. Nambari ikapanda, ikapanda, kama lori inatafuta kilele ya Salgaa. Akachovya kwa maji ya kisima yenyewe. Ikawa chini. Akanitazama. Akafuata zile paipu na macho mpaka kwa pipa ya ng'ombe, akachovya hapo. Karibu sufuri.

"Mzee," akasema polepole, "chumvi yote membreni ilikataa, wewe umeikusanya ukawapatia watu wanywe."

Msichana wangu aliingia ndani. Akatoka na begi ya mtoto. Fundi akajaribu kunitetea. Akasema hizo meno mbili zilijiunda zamani, mashine haijazisaidia wala kuziharibu, na miezi tatu si mingi. Zile bado ziko ndani ya ufizi ndizo za kuogopewa, akasema, na akabadilisha paipu hapo hapo. Msichana wangu bado alikuwa ameshika begi. Mimi nikaomba msamaha kwa Kiswahili, kwa lugha ya mama, na kwa Kizungu kidogo. Hakuna kitu ilisaidia.

Begi haikuondoka siku hiyo, na si kwa sababu ya maneno yangu. Ni vile mtoto alikuwa amesimama akitazama ng'ombe muda mrefu, ng'ombe naye anamtazama akitafuna. Halafu akageuka akaniuliza mbele ya watu wote, na mama yake akacheka mpaka begi ikaanguka:

"Guka, kwani ng'ombe ndiyo ilikuwa inaota meno?"